Sorry ya Nairobi na sorry ya London: hili neno lilitoka wapi, na kwa nini linatukosanisha na wageni?

#1 Mwanzisha uzi

Wadau, habari za jioni. Nina kisa kidogo, kisha tuingie kwenye neno lenyewe.

Mimi ni dereva wa vani ya watalii. Mwezi uliopita nilimbeba mzee mmoja Mwingereza siku nne: Mbuga ya Nairobi, kwa twiga kule Lang'ata, Naivasha, tukarudi. Mzee hana shida na mtu. Siku ya kuondoka akanipa bahashishi ya kueleweka. Wiki iliyofuata naitwa ofisini, namkuta bosi na karatasi ya maoni mbele yake. Mzee amesifu kila kitu, halafu chini ameandika kwamba dereva ni mtu mwema, ila alikuwa akiomba msamaha kila mara na yeye hakuelewa ni kwa kosa gani. Bosi akaniangalia kama mzazi aliyeitwa shuleni. "Ulimfanyia nini huyu mzee wa watu?"

Nikaanza kukumbuka. Alijigonga kichwa kwenye mlango wa vani, nikasema sorry. Alipiga chafya tukiwa Limuru kwenye baridi, sorry. Naivasha akaangusha miwani, sorry. Jioni moja akaniambia mkewe alifariki mwaka juzi, nikasema sorry, tena hiyo niliisema kwa sauti ya chini. Hiyo ya mke ndiyo pekee aliyoijibu kwa asante. Zingine zote alinijibu, "Si kosa lako," na mimi nikadhani ni ustaarabu tu.

Bosi aliposikia hadithi yote akacheka mpaka goti likagonga meza. Nikamwambia sorry.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilichimba hili neno kila nikingoja wageni pale uwanja wa ndege, na nimeridhika kwamba hatujakosea sisi. Nitaeleza. Kwanza niambieni, nyinyi mnalitumiaje?

#2

Buda, sorry ni sorry. Mtu akianguka unamwambia sorry, ukimkanyaga unamwambia sorry. Mzungu ndiye ako na shida. Uzi ufungwe.

#3 (niko Mombasa)

Usifungwe, ndio kwanza unanoga. Tena shida haianzii kwa Mzungu, inaanzia kwenu watu wa Nairobi.

Huku kwetu pole hupewa aliyepatikana na jambo. Aliyefiwa, anayeumwa, aliyetoka safari, hata aliye kazini unampitia unamwambia pole na kazi. Ukikosa wewe, pole haikuokoi. Hapo ni samahani, au niwie radhi, au kumradhi. Sasa mtu wa Nairobi amekuja saa tano kwenye kikao cha saa tatu, anaingia anafuta jasho: "Poleni nimechelewa." Pole ya nini? Wa kupewa pole ni mimi niliyekaa saa mbili nikimngoja!

Hiyo mmeitoa kwenye sorry. Kwa Kiingereza neno moja linafanya kazi zote mbili, nanyi mkaona pole nayo ibebe zote mbili.

#4 Mwanzisha uzi

Poleni nimechelewa kujibu, nilikwama kwenye jam Mombasa Road tangu Cabanas.

Sasa asili. Kiingereza cha kale, kile cha zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kilikuwa na neno sār, yaani kidonda au maumivu. Ndilo hilo leo linaitwa sore. Kutoka kwenye sār wakapata sārig, mtu aliyejaa maumivu, mwenye uchungu moyoni. Sārig akazeeka akawa sorry. Kwa hiyo mtu wa enzi hizo aliyejiita sārig alikuwa anasema anaumia, basi. Kosa halikuwemo ndani ya neno.

Wengi hudhani sorry na sorrow ni mtu na ndugu yake. Hapana. Sorrow ilitoka kwenye neno lingine kabisa, sorg, na Wajerumani mpaka leo wana Sorge, wasiwasi. Hawa wawili ni kama wapangaji waliokaa ploti moja miaka mingi hadi wakafanana sura. Hata ile o fupi ya sorry inadhaniwa iliambukizwa na jirani.

Ndugu wa damu wa sorry wako mbali. Kijerumani kina sehr, maana yake "sana", ambayo zamani ilikuwa "kwa maumivu". Msishangae, si hata hapa mtu husema ana njaa mbaya? Wafini nao waliliazima neno hilo zamani sana, kutoka lugha mama ya Kiingereza na Kijerumani, na kwao leo sairas ni mgonjwa, sairaala ni hospitali. Sorry ya Mwingereza na hospitali ya Mfini, mzizi mmoja. Hii nilimsomea mwenzangu tukingoja ndege iliyochelewa, akaniuliza kama nimekula.

Baadaye neno likaanza kutembea. Kufikia karne ya 13 sorry ilikuwa pia inaelezea kitu duni, cha kutia huruma. Macbeth wa Shakespeare, akiwa ametoka kumuua mfalme, anatazama mikono yake yenye damu na kusema ni "a sorry sight". Msidhani anaomba msamaha hapo. Anasema ni mandhari ya kusikitisha.

Upande mwingine, mtu aliyesema naumia akaanza kusema naumia kwa lile nililokutendea, na taratibu "nililokutendea" likameza "naumia". Kulitupa neno likiwa peke yake, Sorry!, kama unavyofanya ukimkanyaga mtu kwenye matatu, ni mtindo wa karne ya 19. Mpaka leo lina vibarua vingine: sorry ya kuuliza "umesemaje?", na ile sorry inayotangulia mtu kukupinga. Hiyo ya mwisho ndiyo siipendi. Mtu akianza na sorry, but, jifunge mkanda.

Na kwa vile tuko hapo, apology nayo haikuanza ikiwa toba. Kigiriki apologia ni utetezi wa mshtakiwa. Maandishi ya Plato yenye jina hilo yanamhusu Socrates akiwa mahakamani Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, na katika hotuba nzima mzee haombi msamaha hata mara moja. Anawaambia wanastahili kumlisha kwa gharama ya umma.

Kwa hiyo sorry ilianza ikiwa pole, ikaishia ikiwa samahani, na njiani haikuiacha ile ya kwanza yote. Lilipotufikia sisi, tayari nyumbani tulikuwa na pole inayotafuta Kiingereza chake, tukachukua ile maana ya zamani na kuitumia kuliko wenyewe. Waingereza wameibakisha msibani tu. Ndiyo maana mzee wangu alinielewa kwa habari ya mkewe, kwenye chafya tukapotezana.

#5 (Mombasa tena)

"Poleni nimechelewa kujibu." Jamani, ushahidi huo, hata sikuutafuta.

Lakini maelezo nimeyapenda, basi niongeze upande wetu. Samahani imetoka kwenye Kiarabu, ukoo mmoja na samehe na msamaha, kwa hiyo ukiisema umekwisha kukiri kuna la kusamehewa. Radhi nayo ni ya Kiarabu, ukoo wa ridhaa na kuridhika. Niwie radhi maana yake uwe umeridhika nami. Kumradhi, wengine huandika kunradhi, ni amri ya Kiarabu iliyovaa kanzu ya Kiswahili: kun ni "kuwa", radhi ni "mwenye kuridhika". Neno zito hilo. Ukisikia mtoto amekosa radhi za wazazi wake, hakuna anayecheka.

Halafu tuna ashakum, ya kuomba msamaha kabla hujakosa. Mtu anataka kutaja choo mbele ya wakwe, anatanguliza ashakum si matusi. Sijaona Kiingereza cha hiyo.

Pole ni yetu ya Kibantu, nyumba moja na mpole, upole na polepole. Ukimpa mtu pole unamtakia atulie, jambo lishuke. Watanzania wana jibu lake zuri: "Nishapoa." Hapo hakuna aliyemkosea mwenzake.

#6

Mimi wa Kisumu ila niko Umoja. Mmenigusa na hiyo polepole. Kwa Kijaluo ukimpa mtu pole unasema mos. Na ukitaka mtu aende taratibu? Mos mos. Hata watoto wa mtaa wasiojua Kijaluo husema mos mos. Sasa Kijaluo si Kibantu, ni Kiniloti, hakina udugu na Kiswahili. Imekuwaje tuwaze sawa hivi?

#7

Mliosema mos, subirini. Nilikaa Lagos miaka mitatu kikazi. Myoruba ukijikwaa anakuambia pẹlẹ. Akitaka ufanye jambo kwa utaratibu, pẹlẹpẹlẹ. Wallahi siku ya kwanza nilidhani kuna Mswahili nyuma yangu. Sisemi ni neno moja na pole, sauti zinaweza kugongana kwa bahati tu. Lakini ngoja, Mhausa naye ana sannu, ya kusalimu na ya kukupa pole, na sannu sannu ni polepole. Wana hata methali kwamba sannu sannu haimzuii mtu kufika.

Na Wanigeria wote hao wakihamia Kiingereza wanasema sorry kama sisi. Ukiangusha kikombe chumba kizima kinakuambia sorry. Wazungu wa ofisini walikuwa wanajibu yale yale, "si kosa lako," mpaka baada ya mwaka nao wakaanza kutuambia sorry tukikohoa.

#8

Huu uzi umenileta kwenye kazi yangu. Nashughulikia madai ya bima za magari, na sorry inatusumbua kuliko mnavyofikiri.

Chukua gari mbili zimegusana pale Nyayo. Wa nyuma anashuka, anamkuta wa mbele ameshika shingo, anasema, "Sorry, woiye, sorry sana." Wiki moja baadaye wa mbele anaandika kwenye maelezo yake: alikiri kosa mwenyewe, alisema sorry. Alikiri, au alimpa mtu pole ya shingo? Someni mikataba yenu ya bima, mtakuta mahali inakukataza kukiri kosa bila idhini ya kampuni. Kuna wateja wameisoma hiyo wakaogopa hata kumsemesha mtu anayevuja damu, jambo ambalo kwa maoni yangu ni aibu.

Wenye lugha yenyewe wamelazimika kutunga sheria. Kwa Uingereza na Wales kuna sheria ya fidia ya mwaka 2006, kifungu cha 2: kuomba radhi, au kujitolea kumtibu mtu, peke yake hakuhesabiwi kuwa ni kukiri uzembe. Ontario kule Kanada walipitisha sheria nzima ya kuomba radhi mwaka 2009, na inasema hivyo hivyo kwa maneno yao: ukisema sorry, hilo halitumiki dhidi yako katika kesi ya madai kama ushahidi kwamba umekiri. Moja ya sababu ilikuwa hospitali. Daktari alikuwa anaogopa kumwambia sorry mama aliyempoteza mtoto, wakili asije akaishika. Fikiria bunge linaketi kujadili jinsi ya kumruhusu mtu atoe pole.

#9

Mimi ndiye nilisema uzi ufungwe. Nimesoma yote, usifungwe. Swali langu: Mfalme Charles alipokuja hapa Nairobi akasema sorry kwa mambo ya Mau Mau, ilikuwa ipi, ya pole au ya samahani?

#10 Mwanzisha uzi

Hakusema.

Watu wengi wanakumbuka kwamba alisema, lakini ilikuwa tarehe 31 Oktoba 2023, kwenye dhifa ya Ikulu, na maneno aliyochagua ni mengine. Alisema maovu ya zamani yanaleta "the greatest sorrow and the deepest regret". Akasema ukatili uliofanywa dhidi ya Wakenya hauna udhuru wowote. Mazito, sikatai, kuna waliokuwa wakingoja kuyasikia tangu ujana wao. Lakini mmeona? Alimchukua sorrow, yule jirani wa ploti, akamwacha sorry nyumbani.

Miaka kumi kabla yake, tarehe 6 Juni 2013, William Hague akiwa waziri wa mambo ya nje alisimama bungeni London kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 waliokuwa wameteswa wakati wa hali ya hatari, enzi za Mau Mau. Naye alisema serikali yake "sincerely regrets" kwamba hayo yalitokea, na hapo hapo akasema bado haikubali kuwa na dhima kisheria. Katika mapatano hayo ndimo ulimotoka mnara wa Uhuru Park, ule wa mpiganaji akipokea chakula kutoka kwa mwanamke, uliozinduliwa Septemba 2015. Nikipeleka wageni hapo huwa nawaachia wasome wenyewe.

Regret yenyewe ni ya Kifaransa cha kale, na maana yake ya zamani ilikuwa kumlilia marehemu. Kwa hiyo ukienda kwenye mizizi, sorry, sorrow na regret zote ziko msibani. Lakini wanasheria wa London hawaendi kwenye mizizi. Wanajua sorry ya leo ina mlango wa pili, na mlango huo unafunguka kwenye hundi.

Mtu wa bima hapo juu nadhani ananielewa.

#11

Nawasalimu kutoka Songea, wakuu. Nimepita tu, ila hapo mmenisimamisha. Kesho yake, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa hapa kwetu, kwenye makumbusho ya Maji Maji. Yeye alilitamka. Aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zetu, na akasema anaona aibu. Vita ile ilikuwa 1905 hadi 1907, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umebeba jina lake, walimnyonga mwaka 1906. Hundi sijaiona. Lakini kwa kutamka, alitamka.

Siku mbili, nchi mbili jirani, wageni wawili. Mmoja alitoa pole, mmoja aliomba samahani.

#12

Wa Songea umemaliza kazi. Nakumbuka pia Uhuru Kenyatta bungeni, Machi 2015, aliomba msamaha kwa dhuluma zilizofanywa na serikali zilizopita, yake ikiwemo, akatangaza na mfuko wa shilingi bilioni 10. Kutamka ni kwepesi, wale wazee waulizeni huo mfuko uliwafikia vipi.

#13 Mwanzisha uzi

Samahanini nimechelewa. (Mombasa, umeona?)

Nilitaka kuongeza Australia, kwa sababu huko ndiko maana mbili za sorry zilipambana hadharani. Watoto wa wenyeji asilia walichukuliwa kwa nguvu na serikali kwa miongo mingi. Waziri mkuu John Howard alikataa kusema sorry. Mwaka 1999 bunge lilipitisha hoja yake yenye neno regret. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba watu wa leo hawawezi kubeba kosa la waliotangulia. Yaani aliisikia sorry kama yule mzee wangu: nimekosa nini mimi? Watu wakaitaka vivyo hivyo, wakawa na Siku ya Sorry kila tarehe 26 Mei tangu 1998, mpaka Kevin Rudd alipoingia na kulisema neno lenyewe bungeni tarehe 13 Februari 2008. Watu walilia nje na ndani.

Kilichonishika mimi ni kitu kingine. Kwenye Kiingereza cha hao wenyeji asilia, matanga na shughuli zote za msiba huitwa sorry business. Mtu akikosekana kazini, wanasema ameenda kwenye sorry business, na kila mtu anaelewa. Hawakumkosea maiti. Wameenda kuumia pamoja na wenzao. Bibi yangu asingehitaji kufafanuliwa hilo.

Kuhusu "poleni nimechelewa", Mombasa nakubali nusu. Ni kweli imetoka kwa sorry, na shuleni ningemsahihisha mtoto. Lakini mtu wa Nairobi akisema hivyo ana maana ameona umechoka kumngoja. Ni pole ya kweli, ila inatoka kwa mtu aliyekuchosha. Inaudhi, najua.

Sasa nina shida ya papo hapo. Kesho alfajiri nachukua wageni wawili kutoka Manchester, na bosi ameniambia waziwazi nipunguze sorry. Ule mlango wa vani ni mfupi na haujabadilishwa. Mmoja akijigonga nimwambie nini?

#14 (Mombasa)

Mwambie pole. Akikuuliza maana yake, mna saa mbili za jam hapo Mombasa Road.